Chumba cha Karibu na Uwanja wa Ndege

Juzi nilikuwa msibani, nyuma ya uwanja wa ndege wa Mwanza. Tumekaa kwenye mikeka, katekista anaongoza sala, mara akainua kiganja. Watu wote kimya. Hata mama wa marehemu, aliyekuwa akilia kwa sauti, akakatisha kilio. Ndege ya mizigo ikapita juu ya bati, imebeba minofu yetu ya sangara. Kiganja kiliposhuka, sala ikaendelea palepale ilipoachwa, na mama akaendelea kulia.

Kijana mmoja wa Bukoba alikuwa amesimama kando na begi lake. Amepata kazi ya kupakia samaki kwenye ndege hizo.

“Shikamoo mama,” akamwambia mwenye nyumba. “Nilitaka kupanga Igogo, ila kutoka kule nitachelewa kazini. Nasikia hapa kuna chumba.”

“Marahaba. Kipo.” Mwenye nyumba akaelekeza kidevu kwenye jeneza. “Alikuwa anakaa yeye. Naye alikuwa kuli hapo uwanjani.”

“Na hizi kelele?”

“Utazoea mwanangu. Sisi hata kulia tunasubiri ipite.”

Tunaambiwa soko huria limetufungulia dunia. Sikatai. Samaki anasafiri Ulaya amelazwa kwenye barafu. Sisi pale msibani tulipikiwa mifupa yake.

Kijana hakuuliza marehemu aliugua nini. Aliweka begi chini, akaenda kumpa mama wa marehemu pole. Ndege nyingine ikasikika kwa mbali. Kabla katekista hajainua kiganja, kijana akaikata pole yake katikati, akasubiri.