Ushahidi Nilioutoa Juu ya Dada Tekla

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kupimwa macho hapa Mpanda. Alipovaa miwani alitazama dirishani, akasema, "Bibi, kumbe majani ya mti yanaonekana moja moja!" Nilimkumbuka dada yangu Tekla.

Mchana mmoja, tulipokuwa watoto, Tekla alirudi kutoka shule viganja vimevimba. Mwalimu alimchapa kwa kushindwa kusoma maneno ya ubaoni. Uani kulinukia pumba za mpunga, na mama aliendelea kutwanga.

"Ubaoni naona ukungu tu, baba," Tekla alisema.

Baba akanigeukia mimi, mdogo wake Tekla. "Wewe unalala naye. Sema kweli, dada yako haoni?"

"Anaona, baba. Jana amenisomea kitabu chote. Hata sindano anatunga uzi mara moja."

Nilidhani jicho ama ni zima ama ni bovu. Sikujua kuna jicho linaloona vizuri vya karibu, lakini taswira ya vitu vya mbali inaishia njiani kabla ya kufika nyuma ya jicho, na kioo cha miwani, chembamba katikati kuliko pembeni, kinaisogeza hadi mahali pake.

"Kumbe mwongo," baba alisema. "Shule basi. Kesho twende shamba."

Mama akainua mchi, akaendelea kutwanga.

Tekla aliolewa mapema, akazeeka akiwatambua wageni kwa sauti zao. Tulimzika akiwa hajawahi kuvaa miwani, na mimi sikuwahi kumwomba radhi.