Foleni Niliyoifuta Kitale

Nakumbuka siku moja ya Jumanne, mwanangu, nikiwa kijana wa kompyuta kwenye ghala la mahindi pale Kitale. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo. Ile ya mezani ofisini ilifungwa kufuli, na meneja akatembea na ufunguo mfukoni.

Lakini watu wana akili. Tawi letu la Bungoma lilitutumia habari za malori kwa kompyuta, na kila ujumbe ukifika ulipanga foleni mpaka programu ya kupokea iuchukue. Mwisho wa ujumbe kulikuwa na kisanduku cha maoni ambacho hakuna aliyekijaza. Nekesa, karani wa Bungoma, akaanza kuwaandikia madereva habari za nyumbani humo. Mtoto amezaliwa. Ng'ombe amepatikana. Mimi nilizisoma kwa sauti uani, nao walinipenda kwa hilo, na kichwa kikanivimba.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kamau. Skrini ilikuwa nyeusi tupu. Unaandika amri, inakujibu. Amri moja ilihesabu foleni, ya pili ilichungulia yaliyomo bila kuyagusa, ya tatu ilifuta yote.

"Hii ya tatu usiiguse kabla ya ile ya pili," aliniambia.

Niliitikia vizuri sana. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne hiyo mkubwa wa Nairobi alikuwa njiani kutukagua. Nikahesabu: jumbe arobaini na tatu zimekwama. Programu ya kupokea ilikuwa imezimika, na ningeiwasha tu ingezichukua moja moja. Lakini nilitaka mgeni akute sifuri. Nikajiambia kuwa habari za malori watu wa Bungoma wanazo vitabuni, watazituma tena. Nikafuta. Nilifurahi, mwanangu, na furaha ile inaniuma hadi leo.

Kabla ya chai ya saa nne, Wanjala akachungulia dirishani. Alikuwa dereva, mtu wa Bokoli kule Bungoma, na lori lake lilikuwa limeshapakiwa mahindi ya kupeleka Lodwar.

"Kijana, iko neno kutoka Bungoma? Mama hakuwa mzuri."

Nikatazama skrini. "Hakuna, mzee. Foleni ni sifuri."

"Haya basi. Mungu ni mwema."

Akaenda zake.

Kesho yake asubuhi ukaingia ujumbe wa Nekesa, na huo niliusoma: "Si jana nilituma ati mama ya Wanjala amelazwa? Anamuita. Mwambieni akuje haraka bana." Wanjala alikuwa mbali kwenye barabara ya Lodwar, ambako simu haikushika. Mama alifariki jioni hiyo. Dada yake Wanjala alisimulia kwamba kila lori liliponguruma barabarani, mama aliuliza kama ni yeye.

Tulikwenda mazishini Bokoli, mimi na Mzee Kamau, nami nikamwambia Wanjala nilichofanya.

"Ulisema hakuna," akasema. "Niliamini kwa sababu ni wewe."

Njiani tukirudi Mzee Kamau hakunigombeza. Alisema tu, "Kuchungulia ni amri ya mstari mmoja. Ulikosa mstari mmoja?" Nililia, nami nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Wanjala aliendelea kunisalimia miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Ila hakuja tena dirishani kuuliza kama kuna neno.

Mwanangu, wewe leo unaamrisha mitambo mikubwa kuliko ule wangu. Foleni ikirefuka, tafuta kwanza kilichoizuia. Usifute usichokisoma, maana maji yakimwagika hayazoleki. Na mtu akikuuliza kama kuna habari zake, nawe hujasoma, mwambie "sijui." Neno hilo lingemfanya Wanjala aende nyumbani kuangalia mwenyewe.

Mungu akupe mkono mpole na jicho lenye subira. Na siku mama yako atakapokuita, neno lake likufikie, ufike ukamkute.