Ndugu wa Mgonjwa Wamevaa Sare

Hospitalini Biharamulo, mkimbizi mmoja kutoka Burundi alikuwa anasubiri kupasuliwa ajifungue, na damu ilitakiwa. Mtu wa maabara akachungulia: "Ndugu wa mgonjwa?"

Mama akainamisha kichwa. Ndugu zake walibaki ng'ambo ya mpaka. Nesi wetu wa kanisa, aliyemleta, akapiga makofi. Benchi zima la kwaya yetu, tuliomsindikiza moja kwa moja kutoka kanisani, likasimama na sare zetu.

"Ninyi nyote ni ndugu?"

"Wanagombana kila mazoezi," nesi akajibu. "Unataka udugu gani zaidi? Leta sindano."

Nami nikakunja mkono wa gauni.

"Shikamoo bibi. Wewe kaa tu, umri umepita," akasema mtu wa maabara.

"Marahaba. Umeniona nimekauka?"

Wenzangu wakatoa damu, akapasuliwa: mama mzima, mtoto mzima. Mimi niliyekataliwa damu nilipewa kanga za mzazi nifue, nikanung'unika kama shangazi halisi.