Uso wa Wambui

Katika filamu ya kwanza niliyokata, mwanamke mkuu ana uso wa mtu mmoja na mgongo wa mtu mwingine. Niliyewaunganisha ni mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini, wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, Msimamizi wa Ukataji alinikabidhi wembe na glavu nyeupe katika chumba cha nyuma, katikati ya mji wa Nairobi. Nilikuwa nimetoka Maragoli na cheti cha shule ya misheni, basi. Alinifundisha kukwangua utando wa picha kwenye ncha ya mkanda, kupaka gundi, na kubana mpaka ishike. Mabaki tuliyatundika kwenye misumari kisha tukayaweka kwenye kopo la bati, kila mkanda na namba yake, maana mkanda usio na namba hakuna ajuaye ulikotoka.

Filamu yenyewe ilikuwa mchezo kuhusu mjane anayeanzisha kikundi cha akina mama. Mwelekezi, Mzungu aliyeishi Spring Valley, alijivunia kwamba safari hii mwanamke Mwafrika angekuwa mwenye hadithi, si wa kupita nyuma na mtungi. Alimchagua Wambui wa Dagoretti. Wambui alibishana na maneno aliyoandikiwa. Alipoambiwa alie kwa sauti mbele ya nyumba, alisema mjane mwenye watoto wanne hulia akipalilia. Mwelekezi akamwacha apalilie. Sijapata kukata picha nzuri kuliko zile.

Wiki ya tatu msako wa askari waliotafuta waasi ulipita Dagoretti, Wambui akachukuliwa. Hakuna aliyetuambia alikopelekwa. Mwelekezi akamleta Rasoa, yaya wa jirani yake, mtu wa kwetu, akamvika gauni lilelile na kitambaa kilekile, akarudia kila kitu, hata kupalilia.

Shida ilikuwa kuni. Wambui alizibeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa Dagoretti. Rasoa alijaribu mara moja, akashika shingo, akajitwika kichwani kama tunavyobeba kwetu. Jioni aliniuliza, kwa lugha yetu, Wambui mwenyewe akirudi itakuwaje.

Msimamizi aliagiza niondoe uso wa Wambui, nibakize pale anapoonekana kwa nyuma. Nilimwonyesha zile kuni.

"Mwanamke ni mwanamke," alisema. "Nani atajua?"

Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimefurahi kumwona mtu wa kwetu katika filamu. Nikachukua wembe, nikakata.

Gari la sinema liliionyesha sokoni Dagoretti. Mjane alipogeuka, kuni zikaruka kutoka mgongoni hadi kichwani, na soko zima likacheka. Mmoja aliuliza kama huyo ni mjane ama ni mchawi. Mama yake Wambui alikuwemo, na hakucheka.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini na kibali cha siku moja cha kuingia mjini mkononi, Msimamizi akiwa ameenda kula.

"Ile mgongo ni ya mtoto yangu," alisema. "Uso mliweka wapi?"

Hakuwa na picha ya Wambui hata moja. Iliyokuwepo ilibandikwa kwenye pasi, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea, na pasi ilikwenda naye. Nikasikia viatu vya Msimamizi ngazini. Nilifungua bati la mabaki, nikavuta mkanda wa kupalilia, nikakata picha tatu kutoka ncha yake, kila moja ndogo kama ukucha. Mama aliziinua dirishani, akakaza macho.

"Ni ndogo sana, kijana. Unasema ni yeye?"

"Ndiye, Mama."

Akazifunga kwenye ncha ya leso, akashuka, akipishana na Msimamizi.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi mwenyewe, nikiwasumbua vijana waandike namba kabla ya kugusa wembe. Walidhani ni ukali wa uzee. Sikusikia kwamba Wambui alirudi, na mama yake hakuja tena.

Mchana ule mama yake Wambui alipoondoka, nilipokuwa nikirudisha mkanda batini, nilitafuta namba yake. Haikuwepo. Nikachukua kioo cha kukuzia. Picha zilizobaki zilionyesha mwanamke ameinama na jembe, uso umefichwa na kitambaa. Batini mlikuwa na mabaki ya wanawake wawili, na wote wawili walipalilia.