Waya Uliovuka Ua

Mjukuu wangu amefungua kompyuta kuukuu sebuleni kwetu Arua. Anaigeuza iwe ruta ya kugawa intaneti nyumba nzima, na amevuta kebo mpaka chumbani kwangu. Alipoiwasha, vumbi lilipata joto, likatoa harufu ya redio ya baba.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Koboko. Baba alivuta waya wa shaba kutoka kwenye redio hiyo, ukavuka ua hadi kwenye spika ndogo kando ya kitanda cha bibi. Bibi hakuweza tena kutembea. Kila jioni alisikiliza kipindi cha salamu, akingoja mwanawe mdogo, askari aliyekimbilia Sudan, atajwe.

Siku moja nilikata kipande cha waya huo nikategea kwale.

Jioni baba alikuja mbio kutoka kwenye redio. "Mama, umesikia? Mtoto yako iko hai! Iko Juba!"

Bibi alikuwa ameegemeza sikio kwenye spika. "Nani iko hai? Hii kitu imenyamaza tu."

Baba aliufuata waya kwa vidole hadi ulipoishia. "Nani amekata?"

"Panya," nilisema.

"Panya gani inakula shaba?"

Hakunipiga. Bibi alimshika mkono. "Alinitaja, mimi mama yake?"

Baba alinitazama kwanza. "Ndiyo, mama. Alikutaja."

Salamu nyingine haikuja, na bibi hakuishi sana.

"Babu, intaneti inafika huko?" mjukuu anauliza kutoka sebuleni.

"Ngoja," namjibu, nikiifuata kebo kwa vidole hadi mwisho.