Mkelti Aliyezaliwa Kariakoo

Fundi aliyeandika kibao cha chama chetu cha kuzikana amekufa, na chama chetu hakikumzika. Naanza na mwisho wa habari kwa sababu nikianza na mwanzo nitajitetea, nanyi wasomaji wangu mnajua nilivyo hodari wa kujitetea nikiwa nimekaa. Habari ilinikuta palepale zinaponikuta habari zote, barazani kwangu, kikombe mkononi na miguu juu ya kigoda. Mama muuza vitumbua, ambaye chumba chake na cha marehemu vilitengwa na ukuta mmoja wa udongo, alisimama mbele yangu bila sinia lake. “Katibu,” akasema, “yule rafiki yako hakuamka.” Nami, kwa ulimi wangu usiojua kupumzika, nikamjibu, “Mwache alale, bibi, mvua hii nani atapaka rangi?” Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni. “Nimemgusa,” akasema. “Amekuwa wa baridi.”

Wengi wenu mmeuona mkono wa marehemu bila kumjua. Zile herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, zilizosimama wima kama askari kwenye maduka ya kuanzia sokoni hadi mpaka wa Uhindini, ni zake. Alisoma madarasa manne tu. Mimi nilifika sekondari, jambo ambalo nimehakikisha hapa mtaani hakuna asiyelijua. Kwa sababu hiyo alikuwa akiniletea maneno magumu ya Kiingereza, na nisipoyajua nilikuwa nikimwambia kwamba hayo hayatumiki siku hizi. Maneno yenyewe aliyapata kwa muuza karanga. Muuza karanga huyo alikuwa ameokota kitabu kikubwa cha Kizungu kisicho na jalada, akawa anakichana ukurasa kwa ukurasa kufungia karanga zake. Siku moja marehemu alifungua karanga akakuta picha ya upanga uliochimbwa kaburini huko Ulaya. Kesho yake akanunua tena, na kesho kutwa tena. Alikula karanga mpaka tumbo likamsokota, na kurasa akazianika kwenye kamba kama nguo.

Kitabu kilihusu Wakelti, watu wa kale ambao Waairishi, Wawelshi na Waskoti wengi huwahesabu kuwa wazee wao. Kwa vile kurasa zilikuja bila mpango, Wakelti wake walihama kwa mtindo wa ajabu. Jumatatu walikuwa wameshafika visiwa vya Uingereza, Alhamisi ndiyo kwanza wanafunga mizigo. Ukurasa mmoja ulisema walitokea kwenye chemchemi za mto mkubwa katikati ya Ulaya. Mwingine ukasema hapana, tafuteni magharibi, jua linakozama. Wa tatu ukawaleta kutoka mashariki na farasi na chuma, na wa nne ukasema kuna kundi lao lililotembea mpaka Uturuki. Ukurasa wa kukata shauri, kama ulikuwapo, mtu aliutupa na maganda. Mwenyekiti wa chama chetu, ambaye ni mfanyabiashara wa nazi kwa jumla na ana sauti ya kazi hiyo, alimuuliza siku moja barazani kwangu: “Sasa fundi, watu wenyewe wameshakufa, wameacha nini cha kubishania?” Marehemu akajibu, “Vyungu, bwana mkubwa. Wakiona chungu kimebadilika wanasema kabila jipya limeingia.” Kisha akaelekeza kidole kwenye bakuli langu la bati lenye maua. “Hilo limetoka Japani. Ngoja watu wa baadaye wachimbe hapa. Wataandika kwamba Wajapani walivamia Kariakoo wakawafukuza wenyeji.” Tulicheka mpaka nikamwaga chai. Yeye hakucheka. “Lakini makaburi ni kitu kingine,” akasema. “Watu wa huku wakizika hivi na wa kule wakazika hivihivi, hao ni watu wamoja. Mimi nadhani kabila ni watu wanaozikana. Mengine ni vyungu.”

Ningemsikiliza vizuri, leo ningekuwa na safu ya kuchekesha humu gazetini kama kawaida. Marehemu alizaliwa hapahapa, wakati mahali hapa pakiwa bado ni kambi ya wapagazi wa vita ile ya kwanza. Mama yake alikuja na msafara, akafa mtoto akiwa hajajua kuuliza, na hakuna aliyebaki wa kumwambia msafara ulitoka wapi. Mjini petu mtu wa namna hiyo anaishi vizuri tu mpaka siku ya kufa. Siku hiyo watu wa kusini huzikwa na watu wa kusini, wa pwani na wa pwani, na kila chama kina daftari lake. Ndiyo maana, alipomaliza kutuandikia kibao, aliniomba nimwingize. Nikafungua daftari kwa madaha. “Asili?” nikamuuliza. Akasema, “Katibu, wasomi wa Ulaya nzima wameshindwa kuwapatia Wakelti kwao, wewe unataka mimi nijaze hapo kwa kalamu moja?” Nikaona kichekesho kimejileta chenyewe. Nikaandika: Mkelti. Alitabasamu kidogo, akauliza, “Basi nimeingia?” Nikamwambia, “Umeingia, bado kamati tu ikubali.”

Kamati hukutana Ilala. Ilala si mbali, ila kwa mtu anayependa baraza lake kila mahali ni mbali, na mimi huwa natuma daftari tu, siendi mwenyewe. Shauri lake, lililotaka katibu asimame alisome mwenyewe, halikusomwa na mtu. Yeye hakujua. Kwa miaka minne hakukosa mazishi yetu hata moja. Alibeba majeneza ya watu ambao mimi niliwazika kwa kutuma salamu.

Basi asubuhi ile mwenyekiti alikuja na wazee wawili, akaketi barazani kwangu chini ya kile kibao, akafungua daftari. Kidole chake kikashuka polepole, kikasimama. “Mkelti,” akasoma. “Hawa ni watu wa jimbo gani, katibu?” Palikuwa na nafasi hapo, ndugu zangu, ndefu ya kutosha mtu mzima kusema neno moja la kiume. Ningeweza kusema kamati ndiyo iliyochelewa kwa uvivu wangu, na mtu huyu ni wetu. Nikasema, “Ulikuwa mzaha.” “Mzaha wa nani?” “Wangu.” Akafunga daftari. “Basi mzike wewe na mzaha wako.”

Nilituma watu kwenye vyama vingine viwili. Kila kimoja kiliuliza swali lile lile la asili na kurudisha jibu lile lile: si wetu. Adhuhuri ikapita maiti yuko ndani. Makuli wa sokoni, ambao mikokoteni yao aliiandika majina, wakaacha magunia wakaja kuchimba. Majirani wakamkosha na kumvisha sanda. Alasiri shehe akasimama mlangoni akauliza, “Mwenye msiba ni nani?” Watu wote wakanigeukia mimi. Mimi nikavigeukia viatu vyangu. Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake: “Mimi.” Alikuwa mama wa vitumbua. Shehe akamuuliza, “Wewe ni nani kwake?” Akasema, “Ukuta wetu mmoja, shehe. Akikohoa nasikia.” Shehe akainamisha kichwa. “Yatosha,” akasema. “Mnyanyueni.”

Nilikwenda mpaka kaburini, mbali kuliko nilivyokwenda mwaka huu wote. Nikaomba bega chini ya jeneza; kuli mmoja akanipisha hatua kama kumi, kisha akaniondoa taratibu aliposikia ninavyohema. Mvua ilikuwa imelijaza bonde la Jangwani, na kaburi nalo lilitoa maji upesi kuliko walivyoyachota kwa makopo. Tulimlaza kwenye matope.

Siku ya tatu nililifungua daftari peke yangu. Neno lile bado lipo, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari. Kisha nikatazama jina langu na asili iliyoandikwa mbele yake, nikajiuliza nani aliniambia. Bibi yangu aliniambia, naye aliambiwa, na huko kunakoitwa kwetu sijakanyaga tangu nivae suruali ndefu. Nami nimetoka kwenye kurasa za karanga, ila zangu hakuna aliyezitilia shaka. Nililojifunza ni dogo na limekuja limechelewa: maiti haulizwi alikotoka, bali walio hai huulizwa nani yuko naye, na jibu lake halihitaji kamati. Marehemu alilijibu swali hilo kwa bega lake, mara nyingi, kwa ajili ya watu wetu. Sisi tuliulizwa mara moja. Kibao bado kinaning’inia, na rangi yake haijachuja. Kila nikipita chini yake nalisoma jina la watu wangu, limeandikwa vizuri sana, na mkono wa mtu tuliyesema si wetu.