Blanketi la Bibi

Nikinusa saruji mbichi, nakumbuka chumba chetu cha kupanga kule ugenini, Troyeville, na ule ufa uliokuwa juu ya kitanda changu. Kila majira ya baridi udongo wa mfinyanzi chini ya nyumba ulikauka na kusinyaa, na ukuta ukapasuka palepale. Mama aliuziba kwa matambara tu. "Nyumba ya watu hii," alisema. "Sisi tunarudi kwetu."

Mwaka mmoja mdogo wangu alikohoa sana kwa upepo uliopenya ufani, hadi Papa akakoroga saruji na mchanga kwenye beseni la kufulia. Akaujaza ufa kwa nje, akaulainisha kwa kiganja. Jioni ilipoingia, umande ukaanza kuganda majanini.

"Eish," Papa alisema. "Saruji ikigandishwa na baridi kabla haijashika, yote itamomonyoka. Inataka kufunikwa."

Mablanketi yetu yote yalikuwa juu ya mtoto. Mama akavuta sanduku uvunguni. Akatoa blanketi jipya alilomwekea bibi aliyebaki kwetu, kwa siku tutakayorudi, akatoka nje kulitundika ukutani.

Asubuhi saruji ilikuwa imeshika. Blanketi lilikuwa limeingia madoa ya saruji. Mama aliyakwangua kidogo kwa ukucha, akalikunja, akaliweka kitandani kwangu.